Taa za barafu: namna ya kuzitengeneza na watoto nyumbani, hatua kwa hatua

Kila Desemba maswali ya waliofika Minnesota, Marekani, karibuni ni yale yale. Watoto wamejifungia ndani na simu, nje hakukaliki, giza linaingia mapema, tufanye nini? Na hilo giza si mchezo: karibu na tarehe 21 Desemba jua huzama Minneapolis saa 10:34 jioni. Aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili mwaka mzima, humkuta hata vyombo vya mchana hajaosha.

Jibu langu ni moja: tengenezeni taa za barafu, yaani barafu yenye uwazi ndani unamowekwa mshumaa au taa ndogo. Gharama ni ndogo, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na baridi yenyewe, na mtoto wa miaka mitatu anapata la kufanya sawa na kaka yake anayejiona mkubwa. Zaidi ya hapo, zinawapa sababu ya kutoka nje usiku, jambo ambalo kwa kawaida hamngelifanya. Mwongozo huu ni wa anayeanza kabisa. Naandika nikiwafikiria wa Minneapolis na Saint Paul, lakini aliyeko Edmonton au Helsinki anaweza kuufuata bila kubadilisha kitu.

Kwanza tazama kipimajoto

Usiangalie kalenda, angalia utabiri wa usiku huo. Unataka nyuzi kati ya 7 na 18 chini ya sifuri kwa sentigredi, yaani Farenhaiti 20 hadi 0. Usiku wa kawaida wa Januari hapa kwetu huangukia katikati ya hapo. Joto likichezacheza karibu na sifuri utaamka na ndoo ya maji yenye ngozi nyembamba juu. Likishuka sana, barafu hupasuka upesi ikiguswa na kitu chochote cha joto, na isitoshe huo si usiku wa kuwatoa watoto.

Kuna miaka ambayo baridi haiji ipasavyo. Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Mwaka wa namna hiyo tumia friza; nimeeleza huko chini.

Vitu vya kuandaa

- Ndoo ya plastiki laini ya lita 4 au 5, iliyo pana juu na nyembamba chini. Ndoo tupu ya aiskrimu, ile kubwa yenye mshikio, ndiyo bora kuliko zote. Usianze na ndoo kubwa za lita 19 za duka la vifaa vya ujenzi: huchukua muda mrefu mno kuganda, na ikishaganda huwezi kuinyanyua.
- Kitu cha kuweka chini ya ndoo: kipande cha sponji, taulo kuukuu lililokunjwa, au ubao.
- Bisibisi yenye ncha bapa.
- Beseni na birika la maji vuguvugu.
- Glovu za mpira za kuoshea vyombo, za kuvaa juu ya glovu nyembamba za sufu.
- Taa ndogo za LED za betri, au vishumaa vifupi vya kwenye kibati.
- Ukipenda mapambo: vijiti vya msonobari, vipande vya chungwa, zambarau zilizogandishwa, chochote chenye rangi.

Usitumie chombo cha glasi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na glasi haina pa kwenda ila kupasuka.

Kuvalisha watoto

Safari nyingi hufia mlangoni, kwa hiyo hapa sitapita haraka.

Choo kwanza, ndipo suruali ya theluji. Ukikosea mpangilio huo utaanza upya.

Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu au poliesta, si pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho hukaa na ule unyevu, na mtoto aliyekuwa anakimbia akisimama tu anaanza kutetemeka. Juu yake sweta au flisi. Juu kabisa jaketi na suruali visivyopitisha maji. Buti zisibane: ukimrundikia soksi mbili ndani ya buti iliyokwisha kumtosha, damu haipiti vizuri na vidole vitapoa kuliko angevaa soksi moja. Mikononi mchagulie glovu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, na ubebe jozi ya pili, kwa sababu kazi hii ni ya maji na jozi ya kwanza italowa. Kichwani mzula unaofunika masikio. Usoni, mafuta ya mgando kidogo.

Hayo yote ni ya nje tu. Mkiingia kwenye gari, mvue mtoto jaketi nene kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake, kisha mfunike nalo kwa juu. Jaketi lililojaa hewa husinyaa gari likigongwa, na mkanda unabaki umelegea.

Upepo nao uuhesabu. Joto likiwa sifuri Farenhaiti na upepo maili 15 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri kwa sentigredi, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Maelezo mengi husema utazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa watoto wetu tazama ngozi iliyopauka na kuwa ya kijivujivu, inayong'aa kama nta, na muulize kama anahisi ukimgusa. Akisema hasikii kitu, ingieni ndani hapo hapo. Usimsugue, na usimwekee maji ya moto. Maji vuguvugu yanatosha. Ngozi isiporudi hali yake, nendeni hospitali.

Hatua za kutengeneza taa ya ndoo

1. Jaza maji. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Maji ya baridi ya bomba yanatosha. Mapambo kama unayo yatumbukize sasa. Mengi yataelea, na hilo halina shida kwa sababu sehemu ya juu ya ndoo ndiyo itakayokuwa kitako cha taa.

2. Iweke nje ndoo juu ya taulo au sponji, mahali penye kivuli, mbali na njia ya watu. Usiiweke moja kwa moja kwenye saruji. Tunachotaka ni baridi iingie kwa pembeni na kwa juu, huku chini kukichelewa kuganda. Usifunike.

3. Subiri. Kwa baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri, ndoo ya lita 4 au 5 huchukua kati ya saa 12 na 18. Ukiiweka saa moja usiku, anza kuikagua asubuhi kabla ya shule. Hakuna haja ya kuamka usiku wa manane.

4. Pima unene. Toboa kitundu kidogo juu, katikati, kwa bisibisi. Geuza uso pembeni kwanza: maji yaliyobaki ndani yamebanwa, na yakipata upenyo huruka. Barafu ya juu ikiwa nene kama vidole viwili, kuta nazo zimekaribia unene huo. Ikiwa kidole kimoja, iache saa nyingine tatu au nne. Kitundu hicho usikizibe, kitakufaa baadaye.

5. Itoe kwenye ndoo. Ingiza ndoo ndani, iweke kwenye beseni, subiri dakika 15 mpaka ukingo uanze kulegea. Kisha igeuze juu chini na ushikilie barafu kwa mkono mmoja. Ikigoma, mwagia maji vuguvugu nje ya ndoo. Nasema vuguvugu. Maji ya kuchemka yakigusa barafu iliyotoka kwenye baridi kali, utasikia *pa!* na ufa utapita kutoka juu hadi chini.

6. Fungua mdomo. Sehemu iliyokuwa chini ya ndoo sasa iko juu. Hapo barafu ni nyembamba, au hakuna kabisa. Gonga taratibu kwa bisibisi kuzunguka duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai. Hii ni kazi ya mtu mzima.

7. Mwaga maji ya ndani. Watoto hugombania hatua hii, basi wapangie zamu mapema. Maji hayo ni ya baridi ya kukata vidole, ndiyo maana ya zile glovu za mpira.

8. Rudisha taa nje mara moja, ikiwa imesimama wima kwenye theluji. Saa moja inatosha kuikausha na kuikaza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaiacha jikoni ili waipige picha, ikirudi nje imeshapungua unene na ukingo umekuwa mkali kama wembe.

9. Washa. Ukitumia mshumaa, uweke juu ya kijiwe au kikopo kilichogeuzwa ili usizame kwenye maji yanayoyeyuka. Kile kitundu ulichotoboa sasa kiko chini na kinayatoa maji hayo. Ukitumia taa ya LED, itie kwanza kwenye mfuko mdogo wa plastiki na uufunge.

Kuhusu zile LED ndogo zenye umbo la mshumaa: nyingi hutumia betri bapa mfano wa kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri hiyo huunguza koo la chakula kwa ndani katika muda mfupi sana. Nunua zile ambazo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, zihesabu unapozitoa na unapozirudisha, na ukishuku imemezwa nenda hospitali bila kusubiri dalili.

Njia nyingine mbili

Maputo. Mnajaza maji, mnafunga, mnayapanga kwenye theluji, kesho yake mnachana mpira na kubaki na mpira wa barafu. Watoto huzipenda kupita kiasi. Mimi si mpenzi wake, kwa sababu puto hupasukia sebuleni likiwa limejaa maji, na vipande vyake hutawanyika kwenye theluji hadi Machi. Vikusanyeni vyote, maana mtoto mdogo au mbwa anaweza kukabwa navyo.

Ya pili ni shada la barafu, nayo nawashauri wenye watoto wadogo sana. Chukua chombo cha kuokea keki chenye tundu katikati, panga vipande vya chungwa na majani ya msonobari, jaza maji, gandisha mpaka kuwe jiwe. Hakuna kutoboa wala kupima. Ukilitoa, pitisha utepe kwenye tundu na ulining'inize kwenye tawi, si juu ya mlango watu wanapopita.

Kutoka nje nazo

Siku ya kwanza washeni mlangoni kwenu. Taa tatu kwenye ngazi zinatosha kabisa kuwafanya majirani wasimame. Kama mnamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi, ziwekeni mbali nayo, au tumieni mchanga badala ya chumvi.

Mkishanogewa, kuna tamasha la Luminary Loppet, hufanyika kwenye ziwa la Lake of the Isles hapa Minneapolis kwa kawaida mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Watu hutembea usiku kwenye njia iliyopangwa taa za barafu, nyingine kubwa kuliko mtu, na mtoto aliyetengeneza ya kwake hutazama zile kwa jicho la fundi. Tiketi hununuliwa kabla. Saint Paul nako kuna tamasha la Winter Carnival, lililoanza mwaka 1886, na huwa na sanamu za barafu za kutazama. Na kama baridi imewashinda, nendeni bustani ya ndani ya Como Park: paa la vioo, mitende mirefu, na joto lenye unyevu linalokufanya ufungue vifungo vya koti ukidhani umeshuka Tanga.

Kubebea chai, ile chupa ya chai mliyokuja nayo inafaa. Tangawizi iwe nyingi.

Onyo moja ambalo siwezi kuliruka. Msiingie kwenye ziwa kwa sababu tu limeganda na mmeona nyayo. Idara ya maliasili ya Minnesota, DNR, inasema barafu mpya iliyo angavu iwe na unene usiopungua inchi 4, takriban sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake, na barafu nyeupe yenye theluji ndani iwe mara mbili ya hapo. Inasema pia kwamba hakuna barafu iliyo salama asilimia mia. Unene hubadilika hatua chache tu mbele, hasa karibu na madaraja na pale mto unapoingilia. Kama hujui kupima, bakini ufukweni, au ingieni siku ya tamasha ambapo waandaaji wamepima. Na nyumbani mkirudi mnatetemeka, msiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba wala kuacha gari linaunguruma gereji imefungwa. Ile hewa ya sumu haina harufu.

Mambo yakienda kombo

*Ndoo imeganda yote, ndani hakuna maji.* Umechelewa, lakini haijapotea. Itoe kwenye ndoo, chukua kopo la bati, lijaze maji ya moto na uliweke katikati juu ya barafu. Litazama taratibu likichimba shimo. Mwaga maji yaliyoyeyuka, jaza kopo upya, rudia mpaka kina kitoshe.

*Ukuta umepasuka au kipande kimetoka.* Changanya theluji na maji ya baridi mpaka upate kitu kama uji mzito, ziba, na uache nje. Baada ya robo saa kimeshika. Kiraka huonekana cheupe, na usiku taa ikiwaka hupendeza kuliko penginepo.

*Tulitia rangi ya chakula, taa imetoka karibu haina rangi.* Maji yanapoganda husukuma rangi ndani, kisha ninyi mnayamwaga maji yenye rangi. Ongezeko la rangi halisaidii sana, litawachafulia majaketi tu. Tumieni LED ya rangi.

*Barafu ina ukungu mweupe.* Ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Maji ya moto ya bomba yaliyoachwa yakapoa hupunguza kidogo. Mimi sihangaiki nayo.

*Mshumaa unazimika kila mara.* Ama shimo ni jembamba mno na moto unakosa hewa, ama maji yamejaa chini. Panua mdomo, kisha zibua kitundu cha kitako kwa bisibisi.

*LED zimefifia baada ya muda mfupi.* Betri za kawaida hulegea kwenye baridi. Zile za lithiamu hustahimili zaidi. Zilizofifia usizitupe kabla ya kuzipasha joto ndani, mara nyingi hurudi.

*Tunaishi ghorofani.* Kama una kibaraza, soma mkataba wa nyumba kwanza. Wengi hawaruhusu mshumaa wa moto hapo, kwa hiyo LED. Kama huna, tumia friza: bakuli kubwa la plastiki, na ndani yake kikombe cha plastiki kilichotiwa mawe ili kisielee. Jaza maji kati ya viwili hivyo, funga kwa tepu kikombe kikae katikati, acha mpaka kesho. Kikombe kikigoma kutoka, mwaga mawe, tia maji vuguvugu ndani yake, kitaachia.

*Matunda yote yametoweka asubuhi.* Kindi. Wanachimba chungwa kutoka kwenye barafu kwa meno bila haya, na mkiweka jingine watarudi. Tumieni majani ya msonobari peke yake, hayo hawayajali.